Kigari Kimoja, Maswali Mawili: Mwongozo wa Kufundisha Kani, Nishati na Momenta Kidato cha Tano

Mwanafunzi wa kidato cha tano huingia darasani akiwa na kanuni zote kichwani. F = ma (kani ni tungamo mara mchapuko, yaani badiliko la kasi kwa kila sekunde) anaijua, ½mv² ya nishati mwendo anaijua, na mv ya momenta haimsumbui. Mpe swali ambalo ndani yake kuna mgongano, kisha mwinuko, kisha msuguano, uone anavyochagua kanuni kama mtu anayeokota tiketi ya bahati nasibu. Hesabu anaiweza. Kilichomkwamisha ni kwamba sheria za Newton alisoma kama sura yake, kazi na nishati kama sura yake, momenta nayo ikaja kivyake, na hakuna aliyemwonyesha kwamba ni tukio lilelile linalotazamwa kwa namna tofauti.

Njia ninayoipendekeza hapa huanza na kitu kimoja kinachosukumwa na kukiuliza maswali mawili. Kani imedumu kwa muda gani? Kani imesukuma kwa umbali gani? Swali la kwanza linakupeleka kwenye momenta, la pili kwenye nishati. Nimeandika nikiwaza shule ya kawaida ya Tanzania, yenye vipindi vya dakika 40, darasa lililojaa, na maabara ambayo baadhi ya vifaa vyake havijaguswa miaka mingi. Katika hesabu zote nimechukua g, mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia, kuwa 10 m/s².

Vifaa

Toroli mbili za maabara zinatosha. Kama hazipo, fundi seremala atakutengenezea vibao viwili vya kukaa kiganjani, uvifunge beringi chakavu kutoka gereji ya pikipiki. Ongeza ubao mrefu ulionyooka, kapi moja, uzi, mawe ya mizani, mizani mbili za springi, gololi kumi hivi za ukubwa sawa, rula mbili zenye mfereji katikati, na kikombe cha karatasi. Simu yenye kamera itachukua nafasi ya ile mashine ya kupiga nukta kwenye tepu: kamera nyingi hupiga picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo ukilaza rula kando ya njia na kuisogeza video picha kwa picha, umepata umbali na muda.

Hatua ya 1: Wasikie wanachoamini

Usianze na sheria ya kwanza ya Newton. Rusha mpira juu, uudake, kisha waambie wachore mpira ukiwa njiani kupanda, ukiwa kileleni, na ukiwa unashuka, na katika kila mchoro waonyeshe kani zote zinazoukamata. Usisahihishe. Kusanya karatasi.

Utakuta mishale ya juu inayoitwa "kani ya mkono" kwenye mpira uliokwisha kuuacha mkono. Utakuta pia kileleni mpira hauna kani hata moja, kwa sababu umesimama. Makosa haya hayaonyeshi uzembe. Ndivyo binadamu wengi wanavyoona mwendo, na walimu wa fizikia Marekani walilithibitisha jambo hilo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu kupitia jaribio la maswali ya kuchagua la David Hestenes na wenzake, lililochapishwa 1992. Mtu anaweza kufaulu hesabu zote na bado akaamini kwamba kitu kinachokwenda kina kani ndani yake. Kile anachokihisi kipo ndani ya mpira si upuuzi, kipo kweli, ila kinaitwa momenta. Mwambie hivyo baadaye, mtakapofika hatua ya 4, na umrudishie karatasi yake.

Majadiliano yaende kwa Kiswahili. Mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) utaandikwa kwa Kiingereza na lazima wazoee istilahi zake, lakini ubishi wa kweli haupatikani kwa lugha ambayo mtu anaitafutia maneno. Weka sharti moja tu: neno "nguvu" likitamkwa, msemaji aseme ni ipi kati ya kani, nishati na momenta.

Hatua ya 2: Kani ina mwenyewe

Mchoro wa kani ndio msingi wa yote yanayofuata, na hapa usiwe na haraka. Kila mshale uandikwe kwa umbo hili: kani ya nini juu ya nini. Kani ya dunia juu ya kitabu. Kani ya meza juu ya kitabu. Kani ya uzi juu ya toroli. Mwanafunzi akishindwa kutaja mwenye kani, mshale unafutwa. "Kani ya mkono" juu ya mpira uliopo angani inakufa hapohapo, maana mkono haugusi mpira.

Sheria ya tatu nayo inakaa sawa kwa mtindo huo. Geuza maneno, na umepata jozi: kani ya dunia juu ya kitabu, kani ya kitabu juu ya dunia. Wengi husema jozi ya uzito wa kitabu ni kani ya meza inayokibeba. Si kweli. Zote mbili ziko juu ya kitabu kimoja, na jozi ya sheria ya tatu haikai kamwe juu ya kitu kimoja. Wape mizani mbili za springi zilizofungana ndoano, wanafunzi wawili wavute, mmoja kwa bidii na mwingine amesimama tu. Mizani zote zinasoma sawa. Kisha uliza: lori likigongana na bajaji, ipi inapata kani kubwa? Acha wabishane mpaka wenyewe warudi kwenye mizani. Kani ni sawa, ila bajaji yenye tungamo dogo ndiyo inayopata mchapuko mkubwa.

Hatua ya 3: F = ma kwa mikono yao

Funga uzi kwenye toroli, upitishe juu ya kapi ukingoni mwa meza, uning'inize jiwe la mizani. Kabla ya kupima, inua kidogo upande mmoja wa ubao mpaka toroli isiyo na jiwe, ukiigusa tu, iende kwa kasi isiyobadilika. Hapo mteremko umefidia msuguano. Bila hatua hii grafu haitapita kwenye sifuri, na wanafunzi watadhani Newton amekosea.

Jambo ambalo miongozo mingi ya maabara huligusa kwa mstari mmoja ndilo linalowaangusha wengi: jiwe linaloning'inia nalo linachapuka. Toroli ya kilo 0.8 ikivutwa na jiwe la kilo 0.2, kani inayovuta mfumo ni nyutoni 2, lakini tungamo linalochapuka ni kilo 1.0, kwa hiyo mchapuko ni 2 m/s². Anayegawanya kwa 0.8 anapata 2.5, halafu analaumu kamera. Ili tungamo la mfumo lisibadilike, pakia mawe yote kwenye toroli tangu mwanzo, kisha uyahamishe moja moja kwenda kwenye uzi. Mfumo ukiwa wa kilo 1.0, jiwe la gramu 100 litatoa mchapuko wa 1 m/s², gramu 200 litatoa 2, gramu 300 litatoa 3, au karibu na hapo.

Hatua ya 4: Maswali mawili

Hapa ndipo moyo wa somo, na panastahili kupewa vipindi viwili mfululizo. Chora ubaoni vigari viwili visivyo na msuguano, kimoja cha kilo 1 na kingine cha kilo 4. Vyote vimesimama. Kila kimoja kinasukumwa kwa kani ileile ya nyutoni 8.

Raundi ya kwanza: tunasukuma kila kigari kwa sekunde 2, kisha tunaachia. Waulize kwa kunyosha mikono, kabla ya kalamu kushikwa: kipi kina momenta kubwa? Kipi kina nishati kubwa? Andika kura ubaoni.

Halafu wakokotoe. Kigari chepesi kinapata mchapuko wa 8 m/s² na kasi ya 16 m/s, kwa hiyo momenta ni 16 kg m/s na nishati mwendo ni juli 128. Kigari kizito kinapata mchapuko wa 2 m/s² na kasi ya 4 m/s. Momenta yake ni 16 kg m/s ileile, lakini nishati ni juli 32 tu.

Raundi ya pili: safari hii tunasukuma kila kigari kwa umbali wa mita 4, kisha tunaachia. Piga kura tena. Kigari chepesi kinafikia 8 m/s, momenta 8, nishati juli 32. Kigari kizito kinafikia 4 m/s, momenta 16, nishati juli 32. Sasa nishati ndiyo iliyolingana, na momenta zimeachana.

Nyamaza kidogo. Atajitokeza mwanafunzi atakayegundua kwamba kigari kizito kimetoa majibu yaleyale raundi zote mbili. Sababu ni kwamba kwa sekunde 2 kinakwenda mita 4 kamili, hivyo kwake raundi mbili ni tukio moja. Kigari chepesi kwa sekunde 2 kilikimbia mita 16, ndiyo maana kani ileile ilikifanyia kazi ya 8 × 16, yaani juli 128.

Kutokana na hapo andika mistari miwili, na usiifute wiki nzima:

Kani × muda = badiliko la momenta
Kani × umbali = badiliko la nishati mwendo

Mstari wa pili uwekewe sharti kwamba umbali unapimwa kuelekea upande wa kani, na kwamba kani inayohusika ni ile ya jumla. Anayebeba ndoo kichwani akitembea kwenye uwanja tambarare kwa mwendo uleule hafanyi kazi juu ya ndoo, japo shingo inamuuma. Wanafunzi hawaipendi sentensi hiyo. Waache waipinge, ubishi wake unafaa kuliko mazoezi matano.

Kidato cha sita waongezee kwamba nishati mwendo ni p²/2m, p ikiwa momenta na m tungamo. Momenta zikilingana, chepesi ndicho chenye nishati zaidi.

Wenye kuchanganyikiwa wasione haya. Mwanafalsafa Mjerumani Leibniz mwaka 1686 aliwashambulia wafuasi wa mwanafalsafa Mfaransa Descartes kwa sababu hiyohiyo: kipimo halali cha kitu kinachokwenda ni tungamo mara kasi, au tungamo mara mraba wa kasi? Mabishano yaliendelea miongo mingi. Mwanafizikia 's Gravesande wa Leiden, Uholanzi, akaangusha mipira ya shaba kwenye udongo laini, akaona mashimo yanafuata mraba wa kasi. Mwanasayansi Mfaransa Émilie du Châtelet akaitetea hoja hiyo katika kitabu chake cha 1740. Pande zote zilikuwa zimeshika kitu cha kweli. Mmoja alitazama muda, mwingine umbali.

Hatua ya 5: Mraba wa kasi

Jaribio la udongo linaweza kurudiwa, lakini mashimo ya mpira ni magumu kupima. Kikombe ni rahisi zaidi. Kata upande wa kikombe cha karatasi kiwe kama pango, ukiweke mezani kwenye mwisho wa rula iliyoinamishwa. Achia gololi kwenye mfereji kutoka kimo cha sentimita 5, kisha 10, kisha 20, ikinaswa na kikombe na kukisukuma. Pima kikombe kimeteleza kiasi gani. Kimo kikizidi mara mbili, mtelezo unazidi karibu mara mbili. Kimo kikiwa mara nne, kasi ni mara mbili tu, lakini mtelezo ni mara nne. Gololi inabingirika, kwa hiyo sehemu ya nishati imo kwenye mzunguko, na sehemu nyingine inapotea inapogonga kikombe. Kwa kuwa sehemu hizo hazibadiliki kwa uwiano, grafu bado inanyooka. Mwanafunzi mkali atauliza, uwe na jibu.

Kisha toka nao barabarani, kwa kalamu tu. Bodaboda inakwenda 10 m/s, yaani kilomita 36 kwa saa, breki zinaipunguza kwa 5 m/s kila sekunde. Inasimama kwa sekunde 2, ndani ya mita 10. Ikiwa kwenye 20 m/s inahitaji sekunde 4 na mita 40. Muda umeongezeka mara mbili kwa sababu momenta imeongezeka mara mbili. Umbali umeongezeka mara nne kwa sababu nishati imeongezeka mara nne. Na hapo bado hujahesabu zile mita zinazopita kabla dereva hajakanyaga breki. Huu ndio mfano wangu ninaoupenda kuliko wote, kwa kuwa maswali yote mawili yamo ndani ya kusimama kumoja, na hakuna mwanafunzi asiyewahi kupanda bodaboda.

Hatua ya 6: Momenta ina mwelekeo

Mpira wa kilo 0.2 unagonga ukuta kwa 5 m/s na kurudi kwa 4 m/s. Badiliko la momenta ni kiasi gani? Nusu ya darasa itaandika 0.2. Jibu ni 1.8 kg m/s kuelekea upande uliorudi, maana ukuta umeuua mwendo wa kwenda na kisha ukaumba wa kurudi. Kama ulikaa ukutani kwa sekunde 0.02, kani ya wastani ni nyutoni 90. Amuru kila swali la momenta lianze kwa mshale unaosema upande upi ni chanya, na umkate alama asiyeuchora.

Yai na kanga vinafaa sana hapa. Wanafunzi wawili wanashika kanga wima, pindo la chini likiwa limekunjwa kama mfuko, mwingine anarusha yai kwa nguvu zake zote. Halivunjiki. Badiliko la momenta ni lilelile ambalo ukuta ungelitoa, ila limepewa muda mrefu, kani ikapungua. Helmeti ya pikipiki ndivyo inavyofanya kazi: lile povu la ndani linabonyea ili kichwa kipate muda na umbali wa kusimama. Uliza tena maswali mawili, yajibiwe yote.

Hatua ya 7: Kipi kinahifadhiwa, lini

Panga gololi tano zikigusana kwenye mfereji wa rula iliyolala. Bingirisha moja, inatoka moja upande wa pili. Bingirisha mbili, zinatoka mbili. Sasa uliza: gololi mbili zikigonga, kwa nini isitoke moja yenye kasi mara mbili? Momenta ingelingana kabisa. Wakokotoe nishati: zinazoingia zina mv², ile moja inayotoka ingekuwa na 2mv². Nishati ya ziada ingetoka wapi? Momenta peke yake haikuamua.

Halafu mgongano wa kunata. Toroli ya kilo 2 kwa 3 m/s inagonga ya kilo 1 iliyosimama, zinakwenda pamoja. Momenta ni 6 kabla, na 6 baada, kwa hiyo kasi ni 2 m/s. Nishati mwendo ilikuwa juli 9, sasa ni 6. Juli 3 zimekwenda kwenye joto, sauti na kubonyea. Na kinyume chake: mtu wa kilo 60 anaruka kutoka kwenye mtumbwi wa kilo 120 kwa 2 m/s, mtumbwi unarudi nyuma kwa 1 m/s. Momenta ya jumla ilikuwa sifuri na imebaki sifuri. Nishati mwendo imetoka sifuri hadi juli 180, na zote zimetoka kwenye misuli ya miguu. Momenta ina pande na inaweza kufutana. Nishati mwendo haina upande wa kufutana nao.

Kanuni ya kuchagua ni hii. Momenta ya mfumo inahifadhiwa endapo hakuna kani ya nje, au endapo tukio ni fupi kiasi kwamba kani ya nje haipati muda wa kufanya lolote la maana. Nishati ya kimakanika inahifadhiwa endapo hakuna msuguano, kunata wala kubonyea kunakoila, na hakuna injini wala misuli inayoiongeza.

Hatua ya 8: Swali linalohitaji vyote

Donge la udongo la kilo 0.1 linarushwa na kunata kwenye gogo la kilo 0.9 lililoning'inizwa kwa kamba. Vyote vinapanda hadi kimo cha mita 0.2. Donge lilikuwa na kasi gani?

Mwanafunzi anayeokota kanuni ataandika ½ × 0.1 × u² = 1.0 × 10 × 0.2, na kupata kama 6.3 m/s. Mwambie aligawe tukio. Kipande cha kwanza ni kunata: ni kifupi, momenta inahifadhiwa, nishati mwendo hapana. Kipande cha pili ni kupanda: kamba inavuta pembeni mwa mwendo na haifanyi kazi, kwa hiyo nishati inahifadhiwa, lakini momenta hapana, maana dunia na kamba zinavuta kutoka nje. Kupanda mita 0.2 kunahitaji kuanza na 2 m/s. Kunata kunahitaji 0.1 × u = 1.0 × 2, u ni 20 m/s. Donge lilikuja na juli 20, zikabaki 2. Aliyetumia nishati tangu mwanzo amezisahau juli 18 zilizoishia kwenye udongo.

Unaposahihisha maswali ya namna hii, mfano swali la alama nne, toa moja kwa kugawa tukio katika vipande, moja kwa kusema kipi kinahifadhiwa katika kila kipande, moja kwa sababu, na ya mwisho kwa namba. Wakijua namba ina alama moja tu, wataanza kuandika sababu. Maswali mengine yasiwe na namba kabisa: lori na pikipiki zina momenta sawa, ipi itasimama ndani ya umbali mfupi zikipewa kani sawa ya breki, na zitatofautiana muda? Jibu ni kwamba muda ni sawa na lori ndilo linalosimama karibu, na anayelijibu bila kikokotoo yuko tayari kwa mada ya mwendo wa mzunguko.